Majani ya Jumapili

Kerenge, Korogwe

25 Februari, Jumapili

Daftari hili tulipewa na watu wa mifugo kwa ajili ya kuandikia maziwa. Kurasa za mbele zina mistari yake: tarehe, asubuhi, jioni, jumla. Za nyuma hazina kitu. Mimi nimefundisha miaka thelathini na minne, kuna shule watoto wanne walikuwa wakigawana daftari moja, kwa hiyo siwezi kuona karatasi nyeupe ikakaa bure. Mbele nitaandika maziwa, nyuma nitaandika mengine.

Ng'ombe wangu Ulaya leo: asubuhi lita nane, jioni tano. Jumla kumi na tatu. Hakuna mwanakikundi mwingine aliyefika hata kumi. Nimekwenda kituo cha maziwa nikaandika ubaoni kwa mkono wangu, maana katibu wa kikundi chetu cha wafugaji ni mimi, na sikuiandika ndogo.

Ulaya ni chotara, mweusi mwenye mabaka meupe. Nilipewa na kikundi akiwa mtamba, hajazaa bado. Sheria yetu ni kwamba ukipewa mtamba, ndama jike wake wa kwanza anakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Ulaya amezaa jike tarehe tisa Januari, na anayefuata ni Stefania, mjane wa kule ng'ambo ya mto, aliyengoja miaka mitatu. Katiba inasema pia, ibara ya tano, kwamba anayengoja ataleta mzigo wa majani kila Jumapili nyumbani kwa mwenye ng'ombe, mpaka siku ya kumchukua ndama wake. Hiyo ni ili azoee kazi. Ibara hiyo niliitunga mimi.

Leo kaleta baada ya misa. Kautua, kamtazama ndama muda mrefu, kaaga.

28 Februari

Shemeji yangu Semboja, kaka yake mke wangu Rhoda, kashuka na fuso kutoka Handeni. Kaja na ng'ombe wa kienyeji na ndama wake dume wa miezi saba. Lambo la kwao la kunyweshea limebaki tope, anaomba tumtunzie mpaka malisho yarudi.

Ng'ombe mwenyewe mdogo, wa kijivu, kiwele chake kinaenea kwenye viganja vyangu viwili. Nikamwuliza, "Shemeji, huyu ni ng'ombe au ni mbuzi aliyekula vizuri?"

Akacheka. "Mwalimu, huyu Kijivu kila mwaka ana ndama. Huyo wako mzuri, sikatai. Nitamwuliza mwakani kama ana ndama."

"Lita moja na nusu kwa kumi na tatu, shemeji. Hata darasa la pili wanajua ipi kubwa."

Alipoondoka nikatangaza kwamba jina la ng'ombe huyo hapa nyumbani ni Shemeji. Rhoda hakucheka.

3 Machi, Jumapili

Ulaya kumi na tatu. Shemeji moja na robo. Stefania kaleta majani.

6 Machi

Nimemwona Rhoda anavyomkamua Shemeji. Anamwita ndama, ndama anavuta mpaka maziwa yashuke, kisha Rhoda anakamua chuchu mbili, na mbili nyingine anamwachia ndama. Nikamwambia nusu ya maziwa inapotea.

"Haipotei, Baba Yordani. Iko tumboni mwa ndama."

"Kwenye daftari haimo."

"Basi daftari lina njaa kuliko ndama."

Mwanamke huyu nimeishi naye miaka thelathini na mmoja na bado ananijibu hivyo. Kienyeji huficha maziwa asipomwona mwanawe. Ulaya husimama kwa yeyote mwenye ndoo. Nilimtenga na ndama siku ya nne, ndama anakunywa kwenye ndoo, na hakuna kilichoharibika. Hayo ndiyo maendeleo.

10 Machi, Jumapili

Stefania kampa ndama jina. Anamwita Mpewa. Nikamwonya kwamba ndama bado yuko bandani kwangu, na majina hutolewa na mwenye banda. Akasema, "Samahani, mwalimu," halafu nikamsikia akimnong'oneza jina lile lile huku akimlisha majani kidogo kidogo kwa mkono. Mpewa hapokonyeki, nadhani ndiyo maana yake. Watu wakikosa mali hujaza majina.

14 Machi

Amekuja Peter, afisa mifugo wa kata. Nilimfundisha darasa la nne, alikuwa mtoto wa mafua. Kanisalimia kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, kisha akamshika ndama mgongoni na kuanza kumpapasa mbavu.

"Anapata lita ngapi kwa siku?"

"Nne," nikamjibu.

Anapata mbili, nyingine ni maji ya vuguvugu na uji wa pumba. Naandika hili hapa kwa sababu hapa hakuna wa kumficha. Watoto wetu tumewalea kwa uji na wamekuwa walimu na manesi.

Kasema pia nimwongezee Ulaya mashudu. "Anatoa sana, mwalimu, na anachokula hakitoshi. Anakamuliwa mwili wake mwenyewe." Nikamwambia apite kituoni atazame ubao.

17 Machi, Jumapili

Majani. Ulaya kumi na tatu na nusu.

20 Machi

Ulaya kalia tangu alfajiri, anapanda hata ukuta. Joto la kutaka dume. Nikampigia Peter, akaja na pikipiki na mtungi wake wa mbegu, akampandisha. Katika kikundi chetu hatutumii dume la mtaani, ni mbegu ya mrija tu, na mimi ndiye niliyesimamia uamuzi huo mpaka wazee wawili wakajitoa. Peter aliponawa mikono kasema, "Tuombe Mungu." Nilitegemea mtaalamu aseme neno la kitaalamu zaidi.

22 Machi

Mvua ya kwanza.

27 Machi

Kumi na nne! Nilipoandika ubaoni mzee Hiza, mwenyekiti wetu, kanishika mkono mbele ya watu. Nimeona Stefania akisoma ile namba kutoka nyuma ya wenzake. Hakupiga makofi.

31 Machi, Pasaka

Hata leo kaleta majani, akiwa na gauni la sikukuu, mzigo kichwani na kitambaa cheupe chini yake gauni lisichafuke. Rhoda kamkaribisha wali. Mpewa, maana na mimi sasa jina limenikwama, alimfuata mpaka getini na kulamba mkono wake.

5 Aprili

Mvua usiku na mchana. Shemeji kakata kamba. Tumemkuta bondeni na fahali wa jirani, ametulia kama bi harusi. Rhoda alitaka kumrudisha, nikasema mwache, hata akipata mimba nani ataandika?

7 Aprili, Jumapili

Majani. Mto umejaa, Stefania kapita darajani, amezunguka karibu saa nzima. Ndama anaharisha.

10 Aprili

Ulaya karudi kwenye joto. Mbegu ya kwanza haikushika. Peter kampandisha mara ya pili, safari hii hakumtaja Mungu. Kamtazama ndama, kaniachia dawa, kasema, "Mwalimu, dawa hii bila maziwa ni maji tu."

Leo kumi na nne tena.

12 Aprili

Naandika jambo hili kwa urefu kwa sababu nimekasirika na nataka siku nyingine nikilisoma nijue kwamba nilikuwa na haki.

Mchana nilikwenda kituoni kufunga hesabu ya wiki. Mvua ilinikamata huko, nikarudi mapema, nimelowa mpaka soksi. Nikapitia nyuma ya banda. Rhoda alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Ndama wa Shemeji ananyonya upande huu, mama yake anamlamba, ametulia. Na upande wa pili, kwa nyuma, kati ya miguu, Rhoda kamwingiza Mpewa. Ananyonya. Mkia wake, ambao siku tatu hizi umekuwa ukining'inia tu, ulikuwa unacheza.

Nilisimama. Sitakataa kwamba nilisimama kidogo nikitazama ule mkia. Halafu nikasikia watu wakipita barabarani, na mmoja akacheka. Huenda alicheka habari zake. Lakini mimi nilisikia: mtoto wa Ulaya, ng'ombe wa kwanza ubaoni, ng'ombe wa katibu, ananyonyeshwa na kile kimbuzi cha Handeni.

Nikamvuta kwa shingo. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Povu la maziwa lilikuwa bado mdomoni.

Rhoda hakupiga kelele. Aliniambia akiwa bado amepiga magoti, "Baba Yordani, ana njaa."

"Ana ndoo yake."

"Ndoo yake ina maji."

"Unataka Stefania apewe ndama aliyelelewa na kienyeji? Unataka watu waseme chotara wetu wanashindwa kulea?"

"Nataka awe hai."

Nikamfunga Mpewa kwenye banda lake na ufunguo wa kufuli nikautia mfukoni. Jioni nilimpa lita nzima ya maziwa, bila maji. Nimeacha kuandika lita hiyo kwenye hasara, nimeiandika kwenye maziwa yaliyokamuliwa, kwa sababu ni kweli yalikamuliwa. Hakunywa hata nusu.

15 Aprili

Mpewa amekufa asubuhi. Mvua haijakatika.

16 Aprili

Kikao cha dharura. Mzee Hiza kaniuliza kilichotokea, na mimi nikasimama kama nilivyozoea kusimama mbele ya watu. Nikasema ndama aliharisha. Nikasema sababu ya kuharisha inajulikana na kila mfugaji: majani mabichi yenye maji, wakati wa mvua. Sikumtaja mtu. Lakini majani ya ndama yule yanaletwa na mtu mmoja tu.

Watu waligeuka wote kwa pamoja. Stefania alikuwa kwenye benchi la mwisho, kitenge kimelowa. Mmoja kasema kwa sauti, "Ng'ombe wa maskini hazai," na nyuma yake wengine wakamalizia sehemu iliyobaki kwa kicheko cha chini. Ningeweza kuwanyamazisha. Nimenyamazisha madarasa ya watoto tisini.

Stefania aliulizwa kama ana neno. Akasema, "Sina, mwalimu." Aliulizwa na mwenyekiti, lakini jibu kanipa mimi.

Ikaamuliwa kwa ibara ya saba: ndama wa kwanza akifa, anayengoja atangoja wa pili. Na ikiwa mpaka mwisho wa Juni ng'ombe hatakuwa na mimba, basi ng'ombe mwenyewe atahamishiwa kwa anayengoja, na aliyekuwa naye atarudi mkiani mwa orodha. Mwenyekiti kauliza nani aliiandika ibara kali hivyo. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Rhoda alikuwapo.

17 Aprili

Chai ya rangi. Nikauliza maziwa yako wapi. Rhoda kasema, "Ubaoni."

21 Aprili, Jumapili

Sikumtegemea, lakini kaja. Mzigo ule ule, saa ile ile. Nikamwambia ndama hayupo tena. "Ibara ya tano inasema mpaka siku ya kumchukua ndama," kasema. "Bado sijachukua. Mpe mama yake."

Ulaya kala yote.

1 Mei

Siku ishirini na moja zimetimia, na Ulaya hajarudi kwenye joto. Kimya. Hapandi, halii. Maana yake inajulikana. Nimempigia Semboja nikamwambia, shemeji, ile mwakani yako imefika mapema. Kanipongeza kwa moyo safi, na nikaudhika.

5 Mei, Jumapili

Majani. Ulaya kumi na moja.

8 Mei

Mvua. Kumi na nusu. Hizo ni lita za ng'ombe mwenye mimba, ni kawaida kushuka.

12 Mei, Jumapili

Majani.

Ulaya kakonda nyonga. Ukitundika kofia pale inakaa. Nimemwongezea mashudu kidogo. Shemeji huyu wa Handeni ananenepa kwa nyasi za kando ya barabara, na nywele zake zinang'aa. Sijui nani kamwambia astawi hivi.

19 Mei, Jumapili

Imenyesha usiku kucha mpaka mabati yamenitoa usingizi. Stefania kaja saa nne, kanga imemganda mwilini kwa mvua, na mzigo kaufunika na nailoni. Alipoondoka nikaufungua mwenyewe. Niliutia mkono katikati mpaka kiwiko.

Yalikuwa makavu, yananukia jua. Sijui jua hilo lilitoka wapi, maana wiki hii halikuonekana zaidi ya nusu siku.

Sikumwambia Rhoda. Nimekwenda kukaa bandani.

20 Mei

Ulaya tisa na nusu. Ubaoni sasa ni wa tatu.

26 Mei, Jumapili

Majani, makavu.

Nimejaribu kukumbuka kama kuna Jumapili hata moja alileta mabichi. Nimefundisha hesabu, kumbukumbu yangu si mbaya. Hakuna.

3 Juni

Mvua zimepungua. Lita nane. Ulaya halii wala hapandi. Najiambia ni mimba. Kila asubuhi naweka kiganja tumboni mwake, kama mtu anayejua anachotafuta.

12 Juni

Semboja kaja kumchukua ng'ombe wake, Handeni kumeota majani mpaka magotini. Kwa bahati Peter naye alikuwa hapa, maana nilimwita aje kumpima Ulaya mimba na kuniandikia karatasi ya kikundi kabla ya mwisho wa mwezi. Semboja kaomba na wa kwake apimwe, "kwa kuwa glovu ipo."

Peter kaanza na Kijivu. Mkono ukaingia mpaka begani, akatazama juu kama mtu anayesikiliza redio mbali. "Huyu ana mimba. Miezi miwili, na siku chache."

Tarehe tano Aprili, bondeni. Siku ambayo nilisema nani ataandika.

Kisha Ulaya. Alikaa sana. Alitoa mkono, akaurudisha. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji na sabuni, na niliona uso wake kabla hajasema.

"Hana, mwalimu."

"Hajarudi kwenye joto tangu Aprili!"

"Hakurudi kwa sababu mwili umeacha kujaribu. Kizazi kimelala. Amekonda, na kilichobaki mwilini unakikamua." Alivua glovu taratibu. "Chotara si mbaya, mwalimu. Asikwambie mtu. Huyu akila sawasawa angekuwa na mimba na maziwa yangekuwepo. Ila yeye hajui kusema basi. Huyu wa shemeji ukimnyima anakunyima. Huyu wako akinyimwa anatoa tu, mpaka amalizike."

Semboja alikuwa amegeukia ukuta, anachezea fundo la kamba, ili nisimwone ananiona. Mara ya kwanza tangu nimjue niliona ni mtu mwenye adabu kuliko mimi.

Nikamvuta Peter pembeni. Naandika na hili. Nilimwambia, "Mwanangu, andika tu ana dalili. Dalili si uongo. Mwezi ujao nitamlisha, atashika, na hakuna atakayejua."

Peter alirudisha kalamu mfukoni. "Shikamoo, mwalimu," kasema. Hiyo ndiyo namna ya watoto niliowafundisha kuniaga pasipo kunitukana.

14 Juni

Fuso limemchukua Kijivu, ndama wake, Semboja na Rhoda. Rhoda kasema anakwenda kumsindikiza ng'ombe na atakaa kwa kaka yake kidogo. Nikauliza kidogo ni siku ngapi. Kasema, "Utaandika mwenyewe."

15 Juni

Chai ya rangi, niliyopika mwenyewe.

16 Juni, Jumapili

Majani. Nilimkuta Stefania amesimama na Ulaya, amemwekea mkono kwenye ule mfupa wa nyonga. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamwambia asante. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari, nimepekua kurasa zote.

22 Juni

Ndoo ya Mpewa bado iko pale pale, imejaa maji ya mvua. Nimeimwaga.

Nilimwua. Nimeandika kurasa nyingi kuzunguka neno hilo. Si mvua wala majani, na kuhara kulikuja nyuma yangu. Alikuwa anataka lita nne, nikampa mbili, na zile mbili nikazipeleka ubaoni ili Hiza anishike mkono. Alipopata maziwa kwa ng'ombe mwingine nikamvuta shingo. Na alipokufa nikamtafuta mjane wa kumbebesha.

30 Juni, Jumapili

Mkutano mkuu, baada ya misa. Peter alileta karatasi yake. Ilisomwa: hana mimba. Mwenyekiti akaniomba, kwa kuwa mimi ni katibu, niisome ibara ya saba. Niliisoma yote kwa sauti ya darasani. Nyuma pale mtu akasema aliye juu mngoje chini. Hakusema kwa kunong'ona.

Kisha nikasema nina neno. Nikasema majani ya Stefania hayakumwua ndama. Nikasema alikufa kwa njaa, nyumbani kwangu, na kwamba kati ya lita kumi na nne walizozipigia makofi, mbili zilikuwa zake. Nilitegemea kelele. Hiza alitazama mikono yake. Nadhani wengi walikuwa wanawaza ndama wao, maana ubao ule tuliusoma wote. Chaki nimemkabidhi mwenyekiti. Atafute katibu mwingine.

Nikampeleka Ulaya mwenyewe, kwa kamba, mpaka ng'ambo ya mto. Stefania alitangulia. Banda lake lilikuwa tayari. Liko tayari tangu miaka mitatu, mti wa kufungia umeshaanza kuoza na kabadilisha mwingine. Juu ya bati la nyumba kulikuwa na majani yametandazwa, na mengine yametundikwa ndani, juu ya jiko.

Aliona ninatazama. "Nilikuwa nakata Alhamisi, mwalimu. Jua likitoka naanika juu, likikosekana nayaweka juu ya moto. Ndama mdogo hawezi mabichi. Baba yangu alikuwa mchungaji wa ng'ombe."

"Ulijua, basi. Siku ile ya kikao."

"Nilijua tangu Machi. Kila Jumapili nilikuwa namhesabu mbavu. Kwanza nilihesabu nne. Pasaka zikawa nane."

"Kwa nini hukusema?"

Alifunga kamba ya Ulaya, akajaribu fundo, akafungua, akafunga tena. "Ningemwambia nani? Ubao unaandika wewe, katiba umeandika wewe, na ndama yuko kwako. Nikisema, utanifuta kwenye orodha. Nikinyamaza, huenda atapona. Nikachagua kunyamaza." Sauti yake haikupanda. "Na mimi nilichangia, mwalimu. Hilo ndilo ninalolala nalo."

Aligeuka, akamkamua Ulaya kidogo tu kwenye kikombe cha bati, labda nusu lita, akaacha. "Inatosha kwa leo," kamwambia ng'ombe. Si mimi aliyekuwa akiniambia.

Nikiwa getini akaniita. "Mwalimu. Wewe ndiye uko mkiani mwa orodha sasa. Ibara ya tano."

4 Julai

Nimekata majani. Mgongo unauma. Jua halikuwa kali.

7 Julai, Jumapili

Sikuwa na Rhoda wa kunionyesha namna ya kufunga mzigo, ukafunguka mara mbili njiani. Watu waliokuwa wakitoka kanisani walinisalimia, shikamoo mwalimu, na walipopita nikasikia vicheko. Nikautua mlangoni kwa Stefania.

Ulaya alikuwa anakula. Mfupa wa nyonga bado upo pale.

Stefania alifungua kamba ya mzigo. Aliingiza mkono katikati, taratibu, mpaka kiwiko. Nilisubiri. Miaka thelathini na minne nimesahihisha kazi za watu na sikujua kwamba anayesubiri husikia moyo wake namna hii.

Alitoa mkono, akaupangusa kwenye kanga.

"Yana maji, mwalimu," kasema. "Kayaanike, uyalete Jumapili ijayo."

Nikafunga mzigo, nikajitwisha, nikarudi nao nyumbani.